Jenerali Hahasiwi!

Jumatatu, 3 Machi

Imepigwa kura nyumbani kwangu. Mezani, wakati wa chai ya asubuhi, mkate ukiwa bado mkononi mwangu. Kura tatu za ndiyo, hakuna ya hapana. Mimi sikuhesabiwa, eti nilikuwa natafuna.

Uamuzi: Jenerali ahasiwe. Ijumaa hii, saa nne asubuhi.

Niandike mambo sawasawa, ili siku moja ukweli ujulikane. Jenerali ni simbilisi, yule mnyama mdogo mnene wa kufugwa, asiye na mkia. Dume. Mweusi tii, na doa jeupe kifuani kama nishani, ndiyo maana nikampa cheo. Tumeishi naye miezi mitatu. Kizimba chake kiko jikoni, kando ya friji. Kizimba cha majike wawili, Pamba na Tufani, kiko sebuleni chini ya dirisha. Kutwa nzima anawapigia mluzi. Wiiik! Wiiik! Nao wanamjibu. Mtu mwenye moyo angefungua mlango. Binti yangu anataka kisu.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Hakimu, kwa sababu kila ugomvi wa nyumba hii huishia kwake na hukumu zake hazina rufaa. Alisimama, akasoma kutoka daftarini. Simbilisi hawafai kuishi peke yao, wanazubaa na kuugua. Dume akikaa na majike, wanazaa bila breki. Na Pamba ameshapita umri wa kuzaa mara ya kwanza, mifupa ya nyonga imekazana, akishika mimba anaweza kufa. Kwa hiyo dume ahasiwe, wote wakae pamoja, asizae mtu, asife mtu. Akafunga daftari.

Mke wangu, mwalimu wa hesabu, akasema hoja imenyooka. Mama mkwe wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili miaka sita iliyopita, akasema kuna madume wengine walistahili kufanyiwa hivyo zamani.

Akanitazama mimi. Mimi!

Wanaume katika nyumba hii tuko wawili tu. Siwezi kukaa kimya mwenzangu anachukuliwa. Nilianza hotuba palepale. Nilipofika kwenye "heshima ya kiumbe", mke wangu akaniambia nimechelewa kazini. Ni kweli nilikuwa nimechelewa. Hilo halivunji hoja yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kumjua adui. Saa ya chakula cha mchana nikatoka ofisini na kwenda kliniki ya wanyama.

Chumba cha mapokezi: benchi la plastiki, mizani, picha kubwa ya meno ya sungura ukutani, na paka ndani ya kikapu aliyenitukana tangu nilipoingia. Karani wa mapokezi akaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia hakuna mgonjwa, na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Sijui nini. Sikupenda alivyokiandika.

Nilitarajia jitu lenye aproni ya damu. Daktari ni mwanamke mdogo wa miaka thelathini hivi, vidole vyembamba kama vya mshona nguo za harusi. Nikamwambia nimekuja kwa niaba ya Jenerali. Akaweka kalamu chini. Akasema pole sana, baba, wanaume wengi hupata taabu na jambo hili, hebu kaa.

Sikwenda kupewa pole!

Akanieleza yote bila haya. Mnyama anavutishwa nusukaputi mpaka alale. Ananyolewa kidogo. Mikato miwili midogo, korodani zinatoka. Simbilisi ana njia iliyo wazi kati ya tumbo na mfuko, kwa hiyo lazima pashonwe vizuri, utumbo usije ukateremka. Nusu saa, basi. Jioni yuko kwake anatafuna. Alieleza huku anachora. Mchoro mzuri, lazima nikiri. Nilijikuta nimekunja miguu mpaka ganzi ikaniingia, na nilipoinuka nikaangukia mizani. Mkono wangu ulisoma kilo kumi na mbili.

Nikamuuliza, yeye angependa kufanyiwa hivyo? Akasema yeye si simbilisi. Jibu la kukwepa kabisa.

Akanipa karatasi ya maelekezo ya kabla na baada ya operesheni, akanisihi niisome. Nimeikunja mara nane na kuiweka chini ya mguu wa meza yangu ya ofisini, ule unaoyumba. Hauyumbi tena. Hiyo ndiyo faida pekee ya safari.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Halafu si ushindi. Niandike kwa mpangilio.

Mimi ni mtunza stoo. Natunza karatasi, wino, mafaili, bahasha na mihuri ya ofisi nzima, na nyuma ya rafu za mafaili hakuna anayenisikia. Saa tatu nikaziba simu kwa leso, nikakaza koo, nikapigia kliniki kwa sauti ya mama mkwe. Sauti ile naijua. Nimeisikia miaka sita.

Karani akaniamkia, shikamoo bibi. Nikaitikia marahaba bila kutetereka. Nikasema sisi ni wenye Jenerali, familia imebadili mawazo, futa Ijumaa. Akasema sawa bibi, ameshafuta. Nikaongeza swali dogo tu, kwamba hivi mnyama akihasiwa, cheo chake kinabaki? Akasema hajui. Nikakata simu. Nilitembea kati ya rafu nikipiga saluti kwa maboksi.

Niliporudi nyumbani jioni, nikakuta baraza limekaa. Kumbe yule karani ana bidii ya kupita kiasi. Alimpigia mke wangu kumuuliza kama angependa tarehe nyingine. Mke wangu akauliza nani amefuta. Akajibiwa, bibi mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa anaapa kwa marehemu wote wa ukoo kwamba hajagusa simu. Mke wangu akamshika mkono, taratibu, kama mtu anavyoshika yai. Akamwambia hakuna aliyemkasirikia. Umri ni umri. Hakimu akamuuliza bibi yake leo ni siku gani.

"Jumatano," mama mkwe akasema. "Na wewe una nini?"

Hakimu akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, akitoa saba saba. Mama mkwe akaporomoka nazo mpaka mbili, bila kupumua, kisha akauliza nani mwingine anataka kupimwa. Nikapimwa mimi. Nilikwama kwenye sabini na tisa, lakini mimi nilikuwa na mawazo.

Nilitaka kusema. Naandika hapa kwamba nilitaka. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mtu akisema kila anachotaka kusema, mpango unafanikiwa vipi? Nikala chakula changu. Mama mkwe hakula chake. Alikaa akiitazama simu iliyo ukutani, kama mtu aliyesingiziwa na ndugu yake.

Operesheni imerudishwa Ijumaa, saa ileile.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana. Na imenipata kwa sababu ya wema wangu.

Mpango ulikuwa safi. Kumwondoa Jenerali nyumbani mpaka kelele zipoe. Asubuhi, wote wakiwa wanajiandaa, nikamtia kwenye boksi la rimu za karatasi, nikalitoboa matundu kwa kalamu, nikaweka nyasi na kipande cha karoti. Kizimba chake nikakiacha wazi, ionekane ametoroka mwenyewe. Njiani hakupiga hata mluzi. Askari wa kweli.

Stooni nikamfungulia akanyooshe miguu. Kosa langu ni moja tu: nilimwamini. Nilipokuwa nahesabu bahasha, akapanda rafu ya chini na kuanza fomu za likizo. Hakula zote. Alikula kona ya kila fomu, ile kona ya kutia sahihi. Rundo zima!

Hapo akaingia bosi. Bosi wangu ni mtu wa kutembea kimya, viatu vyake vina soli za mpira. Alitaka pedi ya muhuri. Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya mafaili ikasikika: wiiik! Akauliza ni nini. Nikasema ni kifua changu, nina mafua. Wiiik! Akanishauri nikamwone daktari haraka. Nikasema nitakwenda. Akanyoosha mkono achukue pedi mezani, na pedi ilikuwa wazi, na juu yake alikuwa amesimama Jenerali.

Alishuka pale kwa heshima zote. Akapita juu ya barua ya bosi kwenda makao makuu, mstari mmoja wa nyayo za zambarau kutoka "Ndugu" mpaka kwenye sahihi. Bosi akatoa macho. Akaniambia nichague: niende nyumbani na panya wangu sasa hivi, au niende nyumbani nisirudi tena. Si panya! Nilitaka kumweleza tofauti. Lakini mikono yangu ilikuwa imejaa.

Nyumbani nilifika mapema, nikadhani sitamkuta mtu. Nikamkuta Hakimu. Hakwenda shule. Alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, tochi mkononi, kichwa kimepotelea chini ya kochi, anaita, "Jenerali. Jenerali, njoo." Sauti imemkauka. Makochi yote yamehamishwa. Friji imevutwa. Mama mkwe, pamoja na magoti yake, alikuwa jikoni anapapasa nyuma ya mitungi ya maji.

Nikasimama mlangoni na boksi.

Nikasema nimempata! Nimempata njiani, kwenye mfereji wa barabara, maskini, anatetemeka! Hakimu akaruka, akamkumbatia, akalia kwenye manyoya yake. Kwa muda mfupi nilikuwa shujaa. Kisha akamgeuza, akatazama miguu. Minne yote ya zambarau. Akamnusa. Akanyanyua macho kwangu.

"Baba, mfereji wa barabara una wino?"

Nikakohoa. Nilikuwa na mafua.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe. Nilibakiwa na silaha moja, nayo ilikuwa nzito.

Nilipotolewa kidole tumbo miaka ile, nilinyimwa hata maji. Kufunga ni sheria. Mgonjwa aliyekula hapasuliwi! Basi asubuhi, mama mkwe akiwa anaoga na mke wangu anatafuta viatu, nikamshibisha Jenerali. Nyasi kapu zima. Kabichi. Karoti. Nikamwambia kula, ndugu yangu, hii ndiyo salama yako. Akala kama aliyeelewa. Tulipofika kliniki, bado alikuwa na jani mdomoni.

Daktari akambonyeza tumbo, akauliza nani amemlisha. Nikajitokeza mbele. Nikasema mimi. Nimemlisha mimi, asubuhi yote, mpaka akakataa, na sasa bila shaka operesheni haiwezekani. Nilikunja mikono kifuani.

Daktari akatabasamu uso mzima. Akasema vizuri sana. Simbilisi hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu hata saa chache, utumbo unaweza kusimama na hapo ndipo anapokufa. Wenye wanyama wengi huwafungisha kwa kudhani ni kama binadamu, yeye anahangaika nao kila wiki. Akawaambia wanawake wangu, "Huyu baba amesoma karatasi niliyompa Jumanne."

Mke wangu akageuka. Jumanne? Hakimu akanikumbatia kiunoni. Akaniambia kwenye shati, kumbe na mimi nampenda Jenerali. Mama mkwe peke yake alinitazama kwa jicho la pembeni, akitafuna kitu ambacho hakikuwepo.

Mtu afanye nini akisifiwa kwa jambo lililomshinda? Nikasema ni wajibu wangu.

Wakamchukua. Mlango una kioo kidogo cha duara. Nikasema nitasimama hapo, asiwe peke yake. Nikamwona amelala chali kwenye kitambaa cha kijani, kibomba puani, miguu minne ya zambarau juu. Daktari akachukua mashine ya kunyolea. Hapo kumbukumbu zangu zinakatika.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye benchi, miguu imewekwa juu ya kikapu cha paka, karani ananinywesha maji ya sukari. Nikauliza operesheni itaanza saa ngapi. Akasema imeshakwisha, Jenerali ameamka kabla yangu, na anakula.

Anakula!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa na Jenerali jikoni tangu asubuhi. Nilijiandaa kumfariji. Nilidhani atageukia ukuta. Nilidhani atanyamaza siku tatu, kama ambavyo ningenyamaza mimi.

Hana habari! Amelala juu ya taulo safi, maana vumbi la mbao haliruhusiwi mpaka kidonda kifunge. Hakimu anampima uzito asubuhi na jioni kwenye mizani ya unga, anaandika daftarini. Anampa dawa ya maumivu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, naye anainywa kwa kulamba midomo. Anaangalia kidonda kwa tochi. Mtoto huyu hawezi kukumbuka soksi zake ziko wapi, lakini mishono ya Jenerali anaijua mmoja mmoja.

Nilipompa Jenerali kidole changu cha pole, akaning'ata. Mimi! Niliyemshika mkono vita nzima!

Masharti ya daktari yamebandikwa kwenye friji kwa mwandiko wa Hakimu. La mwisho limepigiwa mstari mara tatu. Asichanganywe na majike kwa wiki SITA. Eti bado ana mbegu ndani. Nimelisoma nikacheka peke yangu. Wamemkata bila kujua wamekata nini?

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haraka kabla sijafukuzwa hata mezani.

Bosi amenipa siku tatu za mapumziko niliyolazimishwa kuyaomba, kwa fomu isiyo na kona. Kwa hiyo leo nilikuwa nyumbani peke yangu, mama mkwe ameenda kupima macho. Jenerali akaanza. Wiiik. Taratibu, tena kwa huzuni. Pamba akajibu kutoka sebuleni. Saa nzima, wanaitana kama ndugu kwenye vituo viwili vya treni.

Mimi nina miaka ishirini na tatu kwenye stoo. Najua kitu kimoja kuhusu stoo: ikifungwa, haitoi. Jenerali amefungwa. Hana kitu. Wiki sita za nini, kama si ukaidi wa yule daktari na mstari wake wa mara tatu? Nikambeba, nikamweka kwa majike. Dakika kumi tu, nikasema, wasalimiane.

Furaha niliyoiona! Alizunguka kizimba akitembea kwa madaha, makalio yakiyumba, akinguruma kama pikipiki ndogo. Nikakaa kwenye kochi kuangalia. Macho yakanitoka machozi. Kisha yakafumba.

Nilizinduliwa na kelele. Hakimu amerudi kutoka shule. Ni saa tisa.

Mke wangu alipiga simu kliniki na kuweka sauti ya wazi ili nami nisikie. Nikamweleza daktari nadharia ya stoo. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Sawa, baba, stoo imefungwa. Lakini mzigo uliokwisha kupakiwa kwenye gari uko njiani." Akasema hakuna la kufanya sasa ila kusubiri. Mwezi mmoja, ndipo atakapoweza kuwapima. Tufani bado mdogo, akishika mimba atazaa salama. Pamba ndiye wa kuombea.

Nilitaka kumwambia kwamba mfano wangu hakuwa na gari ndani yake. Lakini Hakimu alikuwa amekaa sakafuni na Pamba mapajani, anampapasa tumbo kwa kidole kimoja.

"Baba, Pamba akifa..." akasema.

Hakumaliza. Nilisubiri amalize. Angenihukumu, angenipa adhabu, ningekata rufaa, tungebishana kama siku zote. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, na mlango hakuubamiza. Aliufunga polepole.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna anayesema nami. Chai iko kwenye birika lakini birika liko mbali. Nimemwomba Hakimu sukari. Amemwambia mama yake kwamba kuna mtu anataka sukari.

Mchana nikamfuata mama mkwe barazani. Alikuwa anaondoa uzi kwenye blauzi, miwani mipya puani. Nikachuchumaa. Nikasema Mama, ile simu ya Jumatano. Nikasema niliyepiga ni mimi.

Hakuacha uzi wake. Akasema anajua. Karani alimsimulia Ijumaa, nilipokuwa nimezirai: bibi aliyepiga simu aliuliza kama cheo cha Jenerali kitabaki. Mama mkwe akasema duniani kuna mjinga mmoja tu wa kuuliza swali hilo, naye alikuwa amelala kwenye benchi, miguu juu ya kikapu cha paka.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akavua miwani. Akasema alikuwa anasubiri aone kama mwanaume aliyeoa binti yake atakuja mwenyewe, au itabidi aletwe. Siku sita, akasema. Alikuwa amekadiria wiki mbili.

Sijui kama hilo ni tusi. Nimelifikiria mchana kutwa. Nadhani ni tusi. Lakini jioni alisogeza birika upande wangu.

Jumatano, 9 Aprili

Sijaandika wiki nne. Hakuna la kuandika mtu anapoishi kama mpangaji kwake mwenyewe. Nimekata nyasi kila asubuhi kabla ya kazi. Nimefua taulo za vizimba. Nimempima Pamba uzito kila Jumapili, Hakimu akisimama nyuma yangu kuhakikisha sidanganyi mizani. Kila gramu iliyoongezeka nililala nayo.

Leo ndiyo siku. Tumekwenda wote wanne. Daktari akampaka Pamba mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kifaa, akatazama kioo cha mashine. Hakimu alinishika mkono. Sidhani alijua ni mkono wa nani. Daktari akazungusha, akarudi, akazungusha tena. Mwanamke huyu hana haraka hata siku moja!

Akasema hamna kitu. Pamba ni mnene tu.

Hakimu akaanguka juu ya mama yake akalia kwa sauti, mama mkwe akamshukuru Mungu, na mimi nikaangalia ile picha ya meno ya sungura kwa muda mrefu kwa sababu ina mambo mengi ya kujifunza.

Kisha akapimwa Tufani. Watatu. Mioyo mitatu kwenye kioo, inapepesa kama taa za mbali. Daktari akasema ana afya, ana umri unaofaa, atazaa vizuri. Akanitazama. Akasema huo ndio mzigo uliokuwa njiani.

Nilikunja uso wa majuto. Ila ndani, nikiwa peke yangu na shajara hii: watatu! Siku tatu baada ya kisu! Jenerali!

Jumamosi, 19 Aprili

Jana wiki sita zilitimia. Jenerali amehamia rasmi sebuleni. Pamba alimpa kisogo dakika tano, kisha akalala ubavuni mwake. Nyumba ina utulivu wa ajabu. Hakuna mluzi. Nimetia sahihi karatasi aliyoiandaa mke wangu, yenye vipengele saba, kwamba sitafungua, sitahamisha, sitalisha wala sitamtetea mnyama yeyote bila kibali cha Hakimu. Nilitia sahihi kwa moyo mweupe. Hakimu akanipa mkono, akaniita Baba, akanisogezea sukari mwenyewe. Nikasema moyoni, nimebadilika. Sasa mimi ni mtu mwingine.

Hayo yalikuwa asubuhi. Saa tano nikaenda kunyoa.

Kinyozi wetu ni mtu mwema, miaka kumi nampa kichwa changu. Hakimu ameshamwahidi mtoto mmoja wa Tufani. Alikuwa amefika nusu ya kichwa, upande wa kushoto wote umekwisha, akaanza kunishukuru. Akasema ana majike wawili nyumbani, kwa hiyo amemwomba Hakimu ampe dume, na ameshaongea na yule daktari mdogo mwenye mkono mwepesi, dume akikua tu atahasiwa.

Hajazaliwa! Hajazaliwa hata bado, na tayari ameandikiwa kisu!

Niliinuka na kitambaa shingoni. Nikampa hotuba yote, "heshima ya kiumbe" na kuendelea, na safari hii hakuna aliyenikatiza mpaka mwisho. Wateja wakaacha kusoma magazeti. Kinyozi akazima mashine. Akaniambia kwa upole niketi amalizie. Nikasema siwezi kuketi kwenye kiti cha mtu wa namna hiyo. Akasema basi nimwachie kitambaa chake.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nimevaa kofia, na wanawake wangu watatu wameuliza kwa nini nala nikiwa na kofia. Nimesema upepo.

Naheshimu ile karatasi. Vipengele vyake vyote saba vinahusu wanyama, na hawa ni mimba. Nimefikiria kwa makini, na safari hii sioni penye tundu. Wakizaliwa, nitakuwa wa kwanza kufika kizimbani. Nitawageuza mmoja mmoja, nitawatazama kama mtaalamu, na nitatangaza kwa sauti kwamba wote watatu ni majike.

Kinyozi atajuaje?